Kompyuta ya Kuchezea Gemu: Jinsi ya Kuchagua Vipande Vyake

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, limepigwa chapa kama lilivyosomwa. Wasimamizi wa madarasa wawe na ubao na chaki, na ikiwezekana pawa saplai yo yote ya zamani, ili wanafunzi wasome kibandiko chake.)

Kaeni vizuri, chukueni kalamu na madaftari, maana leo kuna kusoma na kuna hesabu ya kuzidisha.

Wengi wenu ni wazazi. Siku moja kijana wako atakujia, akuamkie kwa adabu kuliko siku zote, kisha atoe karatasi. Juu ya karatasi hiyo pana orodha ya vitu vinane au tisa, majina yake ni herufi na tarakimu tupu, na chini kabisa pana jumla ya fedha. Ataka kuunda kompyuta ya kuchezea gemu. Wengine kati yenu hamna kijana wa namna hiyo, lakini mnafikiri kufungua chumba cha gemu mtaani, vijana waje walipe kwa saa. Kwa vyo vyote fedha ni zenu, na jumla ile si ndogo. Pengine ni akiba ya mwaka mzima. Mtu asiyeweza kuisoma karatasi ile hana la kufanya ila kumwamini muuzaji. Ninyi mwajua kusoma sasa. Basi tuisome pamoja.

Kwanza tuvijue vipande. Ndani ya kasha la kompyuta mna ubao mmoja mpana wenye njia nyembamba za shaba. Huu ni ubao mama. Fundi atauita mazabodi. Vipande vingine vyote hushikamana nao. Prosesa ni kijipande cha mraba, kidogo kuliko kiberiti, nacho ndicho kinachofanya hesabu za mchezo: mpira umepigwa, uende wapi, golikipa aruke upande gani. Kadi ya picha huyachukua majibu ya hesabu hizo ikayachora yaonekane kiooni. RAM ni mahali pa kuweka kazi inayofanywa sasa hivi, kama meza ya fundi cherehani. Diski ni kabati lake, ambamo vitu hukaa hata umeme ukizimwa. Pawa saplai hupokea umeme wa ukutani na kuwagawia wote. Halafu kuna kasha lenyewe na feni za kupoza. Basi, ndivyo hivyo tu. Mtu mwenye bisibisi na subira aweza kuviunganisha kwa alasiri moja. Kazi ngumu ni kuchagua, kwa sababu kila kipande hakina budi kupatana na jirani zake.

Sasa nawauliza. Mtaanza kuchagua kipande gani? Watu wengi husema prosesa. Mimi nasema anzeni na kitu ambacho hakimo hata ndani ya kasha, yaani kioo.

Kioo cha kompyuta kimegawanyika katika nukta ndogo sana, na kila nukta hupakwa rangi yake. Kioo cha kawaida kina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa wima. Andikeni ubaoni, mzidishe: 1920 mara 1080. Jibu ni 2,073,600. Kila picha moja, basi, ni nukta zaidi ya milioni mbili. Nayo kadi haichori picha moja ikapumzika. Ili mchezaji aone mpira unakwenda laini bila kukatikakatika, yafaa ipate kuchora picha 60 kila sekunde. Sasa kuna kioo kikubwa zaidi, 2560 kwa 1440. Zidisheni, mtapata 3,686,400. Na kuna kile kinachouzwa kwa jina la 4K, chenye 3840 kwa 2160. Hicho kina nukta 8,294,400, ambazo ni mara nne kamili ya zile za kwanza. Kijana akinunua kioo cha 4K kwa sababu kilimpendeza dukani, ameitwisha kadi mzigo ambao karibu ni mara nne, na kadi iliyokuwa ikikimbia sasa itaburuta miguu. Kioo chaamua kadi, na kadi yaamua fedha.

Juu ya kasha la kioo mtaona pia tarakimu nyingine, mathalani 60Hz au 144Hz. Hii ni idadi ya picha ambazo kioo chaweza kuonyesha kwa sekunde moja. Kioo cha 144 hakimfai mtu ambaye kadi yake huchora 50. Tena kuna wanaonunua kioo cha 144 wasiende kubadili mpango wake ndani ya kompyuta, nacho kikabaki kuonyesha 60 mwaka mzima. Na kuna jambo la kuchekesha zaidi: mtu amenunua kadi ya bei kali, kisha waya wa kioo amechomeka kwenye ubao mama badala ya kuuchomeka kwenye kadi. Kadi imekaa bure, yapigwa feni tu.

Baada ya kioo, ulizeni habari za gemu lenyewe. Magemu hayafanani. Counter-Strike 2, lililotoka mwaka 2023, huitegemea sana prosesa, maana wachezaji wake wataka picha nyingi mno kwa sekunde. Cyberpunk 2077, la mwaka 2020, lina mji mzima wenye taa na vivuli, nalo huielemea kadi ya picha. Magemu ya mpira wa miguu si mazito kama hayo. Mwenye chumba cha gemu ambaye wateja wake wacheza mpira tu, juu ya kioo cha 1920 kwa 1080, hana haja ya kadi ya kifalme.

Uhusiano wa prosesa na kadi wahitaji kufahamika vizuri. Fikirini watu wawili jikoni wanaopika chapati. Mmoja anasukuma, mwingine anachoma. Prosesa ndiyo inayosukuma, kadi ndiyo inayochoma. Anayesukuma akiwa mzito, kikaango hukaa kitupu, na yule mchomaji hodari husimama amekunja mikono. Anayechoma akiwa mzito, chapati zilizosukumwa hurundikana. Kwa vyo vyote chapati zinazofika mezani ni zile za yule mzito. Ukiweka kadi ya bei kali sana pamoja na prosesa dhaifu, fedha uliyozidisha kwenye kadi imekunja mikono. Hata hivyo, katika magemu mengi kuchoma ndiko kunakochelewesha, na kwa hiyo kadi ya picha hustahili fungu kubwa kuliko vipande vingine: theluthi moja ya fedha zote za kasha, pengine hata karibu na nusu.

Haya, tusome majina ya kadi. Chukueni hili: GeForce RTX 3060. Tarakimu mbili za mwanzo, 30, ni jina la ukoo. Mbili za mwisho, 60, ni cheo ndani ya ukoo. 50 ni mdogo wake, 70 na 80 ni wakubwa zake. Kadi iitwayo RTX 4060 ni cheo kile kile katika ukoo uliofuata. Je, ya pili ni bora? Ngojeni. RTX 3060 ilipotoka mwaka 2021 ilikuwa na kumbukumbu yake ya GB 12. RTX 4060 ya mwaka 2023 ina GB 8. Ya pili ina kasi zaidi kwa kawaida, tena hula umeme kidogo, wati 115 ambapo ile hula 170. Lakini gemu likihitaji kumbukumbu kuliko GB 8, ile ya zamani ndiyo yenye nafasi. Wala msidanganyike upande wa pili, mkafikiri GB nyingi zatosha. Kuna kadi iitwayo GT 730, ya mwaka 2014, ambayo nyingine ziliuzwa na GB 4, nayo kwa magemu mazito haifai kitu. Ni ghala kubwa lenye mlango wa panya.

Majina ya prosesa yana mtego wake. Madukani mtasikia, "Hii ni i7, mzee, hii ni kubwa." Mwulizeni, i7 ya lini? Jina kamili huandikwa hivi: i7-2600. Baada ya kistari, ile 2 ndiyo kizazi. Prosesa hii ni ya mwaka 2011. Sasa someni hii: i3-12100. Baada ya kistari pana 12, yaani kizazi cha kumi na mbili, nayo ilitoka mwaka 2022. Zote mbili zina viini vinne. Lakini i3 hii ndogo huishinda i7 ile kwa mbali katika gemu. Anayesoma herufi na tarakimu ya kwanza tu atalipa fedha zaidi apate kidogo.

Kisha tazameni mwisho wa jina. i5-12400 na i5-12400F zafanana kwa kila neno ila ile F. Herufi F yamaanisha kwamba prosesa haina uwezo wo wote wa kuchora picha yenyewe. Ukiinunua bila kadi ya picha, utawasha mashine, feni zitazunguka, na kioo kitakaa cheusi. Upande wa AMD mambo ni kinyume: Ryzen 5 5600 haichori picha, lakini Ryzen 5 5600G, yenye G, huchora kidogo, hata mpira mwepesi waweza kuchezeka. Mwenye fedha chache aweza kuanza na hiyo ya G, kadi ainunue baadaye.

Sasa tuje kwenye kupatana. Prosesa hukaa katika tundu la ubao mama liitwalo soketi, na kila soketi ina jina. AM4 ilianza mwaka 2016, AM5 mwaka 2022. Hizo ni za AMD. Prosesa za Intel nilizozitaja, za kizazi cha kumi na mbili, hukaa katika LGA1700. Prosesa ya AM4 haiingii katika AM5, hata ukiisukuma, na ukiisukuma utavunja pini. Hata zikipatana kwa soketi, ubao wa zamani wa AM4 huenda usiitambue Ryzen 5 5600 mpaka programu yake ya ndani ifanywe upya. Muulize muuzaji akufanyie hilo kabla ya kulipa, si baada.

RAM nayo ina vizazi. Someni kibandiko: herufi D, D, R, kisha tarakimu 4 au 5. Ubao wa AM4 wataka DDR4. Ubao wa AM5 wataka DDR5. Ubao wa LGA1700 huwa wa aina moja au nyingine, na yakupasa kusoma kasha lake. Mama mmoja aliyeketi nami hapa ameniuliza swali zuri. Asema, "Mwalimu, kijana akikosea akanunua ile nyingine, hawezi kukata kidogo pembeni ikaingia?" Hapana, mama. Ule mkato mdogo ulio katikati ya meno yake umewekwa mahali tofauti makusudi, ili isiingie. Umeme wake ni tofauti. Asikate, arudishe dukani na risiti.

Tena nunueni RAM vipande viwili vinavyofanana, mathalani viwili vya GB 8 vifanye 16, badala ya kimoja cha 16. Prosesa ina njia mbili za kuifikia RAM, na kipande kimoja huacha njia moja bila kazi. Mashine yenye prosesa ya G, isiyo na kadi, huumia zaidi kwa kosa hili. Ulizeni bei siku ile ile mnayonunua, kwa maana mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda sana duniani, viwanda vilipogeukia kuzihudumia mashine kubwa za akili bandia. Karatasi ya bei ya miezi sita iliyopita si karatasi ya leo.

Sasa tumefika kwenye kipande ambacho hakuna kijana anayekiota usingizini, nacho ni pawa saplai. Haina taa za rangi, haina jina la kujivunia mbele ya rafiki, wala haiongezi hata picha moja kiooni. Kwa hiyo fedha zikipungua, hapa ndipo watu wanapokata. Kateni kwingine. Kadi dhaifu itakupa picha dhaifu, basi. Pawa saplai mbaya huweza kufa, na ikifa huweza kuondoka na ubao, na kadi, na diski yenye kazi zako zote.

Umeme wa ukutani kwetu Tanzania ni volti 230, Kenya na Uganda ni 240. Vipande vya ndani vyahitaji volti 12, na vichache volti 5 na 3.3. Walaji wakubwa, yaani prosesa na kadi ya picha, hula katika ule wa volti 12. Kila pawa saplai ina kibandiko ubavuni. Wasimamizi, kama mnayo moja, ipitisheni mkono kwa mkono. Mtaona tarakimu kubwa ya kupendeza, mathalani 600W. Hiyo iacheni kwanza. Tafuteni jedwali lenye maandishi madogo. Katika safu moja mtasoma +12V, na chini yake tarakimu yenye herufi A, yaani ampea. Chukueni 12, zidisheni kwa ampea hizo. Mtapata wati.

Tuseme pale pameandikwa 18A. Kumi na mbili mara kumi na nane ni 216. Wati 216! Basi zile 600 zimekwenda wapi? Pengine waliandika nguvu ambayo chombo huweza kuitoa kwa kitambo kidogo tu. Pengine walijumlisha na ile ya volti 5, ambayo mashine ya leo haiihitaji sana. Na pengine ni wino tu. Sasa tuseme chombo kingine kimeandikwa 550W, na chini ya +12V pana 45A. Kumi na mbili mara arobaini na tano ni 540. Hesabu hii yakubaliana na jina lake. Mkikuta safu mbili, +12V1 na +12V2, msijumlishe ampea zake upesi. Tafuteni jumla ya wati za volti 12 iliyoandikwa chini yake, maana safu zile mbili huwa zachota katika kisima kimoja.

Mashine yenyewe yahitaji wati ngapi? Tufanye mfano. Ryzen 5 5600 imeandikwa wati 65, lakini ikifanya kazi kwa nguvu hufika kama 76, tuandike 76. RTX 3060 ni 170. Ubao, RAM, diski na feni, tuviwekee 60 kwa pamoja. Jumlisheni: 306. Lakini msinunue ya 306. Kadi ya picha hunyakua umeme kwa mishtuko, mara inapanda ghafla kupita kiasi chake, mara inashuka. Tena chombo kinachofanya kazi kwenye kikomo chake kila siku huchakaa upesi. Kwa mashine hii chagueni ya wati 500 au 550 iliyo ya kweli.

Mtaona pia alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004. Maana yake ni kwamba angalau sehemu 80 katika 100 za umeme unaovutwa ukutani huwafikia wahitaji, na zinazobaki hupotea kwa joto. Ni alama njema, lakini haisemi kila kitu, na wenye hila huweza kuichapa tu. Ile hesabu ya ampea msiiache kwa sababu ya alama.

Mambo mawili ya hatari. La kwanza, baadhi ya pawa saplai zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye 115 na 230. Zile zilizotoka Marekani huenda zimewekwa 115, kwa sababu umeme wao ni karibu volti 120. Ukichomeka hivyo hivyo kwetu, utasikia mlipuko, utaona na moshi. Soma swichi kabla ya kuchomeka. La pili, msifungue pawa saplai kamwe, hata ikiwa imechomolewa ukutani. Ndani mna vyombo vinavyohifadhi umeme baada ya kuzimwa, navyo vyaweza kuua.

Kadi kubwa za tangu mwaka 2022 zina plagi mpya yenye pini 16, iliyokusudiwa kupitisha mpaka wati 600. Mwaka ule ule baadhi ya plagi za kadi RTX 4090 ziliyeyuka, na sababu mojawapo iliyoonekana ni kwamba hazikusukumwa mpaka mwisho. Kama kadi yenu ina plagi hiyo, isukumeni ikae kabisa, wala msiukunje waya karibu na mdomo wake.

Kwa umeme wetu unaokatika, UPS ni rafiki mwema. Hukupa dakika chache za kuzima mashine kwa utaratibu. Lakini someni: nyingi huandikwa VA, na VA si wati. Wati zake ni pungufu, nazo huandikwa mahali pengine juu ya kasha.

Diski haitatuchelewesha. Nunueni SSD. Diski ya zamani inayozunguka husoma kama megabaiti 150 kwa sekunde, SSD ya SATA karibu 550, na ile ya NVMe 3,500 na kuendelea. SSD haitaongeza picha kwa sekunde katika magemu mengi, ila itapunguza kungoja. Magemu makubwa ya siku hizi hupita GB 100 kila moja, kwa hiyo diski ya GB 250 itajaa kabla ya mwezi kwisha.

Kasha lichaguliwe kwa hewa, si kwa taa. Pwani kuna joto, na bara kuna vumbi. Kasha lenye kioo kitupu mbele, lisilo na matundu, huzichemsha kadi. Pimeni pia urefu: kadi nyingine hufika milimita 300 na kuzidi, na kasha dogo halitaipokea.

Yamebaki ya mtumba, na najua wengi wenu huko ndiko mtakakonunua. Si vibaya. Kompyuta za ofisi zilizotumika huuzwa kwa bei nafuu, na prosesa zake huwa nzima. Lakini pawa saplai zake huwa ndogo, na katika nyingine plagi zake ni za namna ya pekee, hivyo huwezi kuweka pawa saplai ya kawaida bila vifaa vya kuunganishia. Katika mashine hizo chagueni kadi isiyohitaji waya wake mwenyewe, inayotosheka na zile wati 75 za tundu la ubao. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ni ya namna hiyo, na GTX 1650 ya mwaka 2019 pia, ila mhakikishe ni toleo lisilo na tundu la waya.

Kadi za mtumba zina historia. Kati ya mwaka 2020 na 2022 kadi nyingi zilifanya kazi usiku na mchana kuchimba fedha za kidijitali. Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha njia ile ya kuchimba, na kadi zile zikaingia sokoni kwa wingi. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zimezunguka sana. Iwasheni dukani, chezeni gemu zito nusu saa, mtazame na msikilize.

Kibaya zaidi ni kadi ya uwongo. Watu huchukua kadi ya kale, wakaandika upya programu yake ya ndani, ikajiita GTX 1050 Ti hata mbele ya kompyuta. Hapo jicho peke yake halitoshi. Iko programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 huzitambua nyingi za namna hiyo na kuandika neno la kuonya mbele ya jina la kadi. Chukueni programu hiyo katika flashi mwende nayo dukani. Muuzaji anayekataa isitumiwe amekwisha wajibu.

Haya, kazi ya darasa. Andikeni maswali haya, mjibu kwa pamoja kabla ya kipindi kijacho.

Pawa saplai imeandikwa 700W kwa tarakimu kubwa. Chini ya +12V pameandikwa 22A. Tafuteni wati zake za volti 12, kisha mseme kama yafaa kwa ile mashine yetu ya wati 306.

Karatasi ya kijana inasema hivi: prosesa i5-12400F, ubao wa AM4, RAM DDR5 kipande kimoja cha GB 16, hakuna kadi ya picha. Katika maneno hayo mna mambo matatu yasiyopatana, na moja ambalo si kosa la kuzuia mashine kuwaka lakini ni hasara. Yatafuteni.

La mwisho ni kwa wale wenye nia ya kufungua chumba cha gemu. Mashine moja inayokula wati 300 kwa saa 10 hutumia yuniti 3 za umeme. Ninyi mna mashine 6, na chumba hufunguliwa siku 26 kwa mwezi. Pigeni hesabu ya yuniti, mzidishe kwa bei ya yuniti ya mahali penu, na jumla mje nayo juma lijalo, kwa maana ndipo tutakapoanzia kuzungumza bei ya kumtoza mteja kwa saa. Kwaherini.